Kabla Hujajichora Namba Yangu

Muhonja,

Jioni hii ulipokuwa ukisugua sufuria pale nje ulikunja mkono wa sweta, nikaona. Tarakimu nne za biro, zimepangwa vizuri kwenye mkono wa kushoto, mahali palepale zilipo zangu. Ulipogundua ninatazama ukaishusha sweta haraka, povu na yote, nami nikajifanya nahesabu kuku. Kuku wenyewe walikuwa wameshalala.

Mama yako amekwambia habari za blanketi, za nauli, na za kukaa macho kwenye treni kesho ukitoka Kisumu kwenda chuoni Mombasa. Sitarudia. Nina jambo moja tu, na ni hilo la biro, kwa sababu najua biro haikukusudiwa kuwa mwisho. Juzi nilipita nyuma ya jiko nikamsikia Everlyne, binti wa shangazi yako, akikusimulia kwamba huko Mombasa, karibu na bandari, kuna mtu anachora mabaharia kwa mashine ya umeme, na kwamba lile ua la begani pake alichorwa hapo.

"Kunauma?" ukamuuliza.

"Kama siafu," akasema. "Lakini siafu mwenye haraka."

Mkacheka. Halafu akakuuliza wewe utaandika nini, jina la nani, na mwanamume mwenyewe anaitwa nani. Ukasema, "Namba ya baba."

Nikaenda kusimama kwa ng'ombe. Sikuwa na kazi yoyote kwa ng'ombe.

Usidhani nimekasirika. Mtu akisikia mtoto wake anataka kubeba alama yake maisha yote, akikasirika huyo ana kichwa kibovu. Lakini hujui unachotaka kuandika, na hujui kwa sababu mimi sikukwambia. Umekua ukiichezea namba hii kwa kidole nikiwa nimekupakata, ukidhani ni jina la shamba letu. Hebu nikupe hesabu yake yote, tangu juu mpaka chini, halafu uamue wewe.

Unajua Shimenga, baba yako mkubwa, tulizaliwa naye tukafuatana. Baba yetu alipokufa karo iliyobaki ilikuwa ya mtu mmoja. Ikaenda kwake, mimi nikaachia darasa la nne. Nasema tu ilivyokuwa. Nilikata miwa ya watu tangu mikono yangu ikiwa midogo kuliko panga, nikinunua leo jembe, kesho mbegu, mpaka kiwanda cha sukari kilipoanza kuandikisha wakulima wa nje, wenye miwa yao wenyewe, nikawa na ekari mbili na robo za kuonyesha. Wakanipa namba: 2748. Ilikuwa imepakwa rangi nyeupe kwenye kibao cha mbao, kikasimamishwa ukingoni mwa shamba. Muhonja, kabla ya siku ile kila ofisi iliyowahi kuniandika iliniandika kama kibarua. Hii iliniandika kama mwenye kitu. Nilikuwa nikitoka nyumbani nakwenda kukiangalia kile kibao tu, nikirudi naulizwa nilikuwa wapi.

Sasa hapo Lubao siku za soko kulikuwa na mzee mmoja tuliyemwita Bama, kwa sababu alipigana huko Burma, au Bama kama alivyotamka yeye, wakati wa vita vya Wazungu na Wajapani. Alikuwa akichora watu. Sindano tatu za kushonea amezifunga kwa uzi kwenye kijiti, zimelingana ncha, na masizi ya koroboi ameyakoroga kwenye kifuniko cha chupa. Wakata miwa walikuwa wakimwendea wakiwa na mshahara mfukoni, wakitoka na majina ya wasichana ambao wengine hata hawakuwa wamewajibu barua. Mimi nikasema siwezi kuandika msichana, msichana anaweza kuolewa na mwingine. Nitaandika kitu ambacho hakina mguu wa kuondokea. Nikaona nimewashinda wote akili.

Shimenga ndiye aliyenisindikiza. Akanishika kiwiko kwa mkono mmoja na vidole kwa mkono mwingine ili nisitetemeke.

"Tulia, wewe," Bama akanifokea. "Mimi nilipigwa risasi nikatulia."

"Ulitulia kwa sababu ulizimia," Shimenga akamwambia.

Bama alikuwa mtu wa kusema akifanya kazi. Alituambia kwamba huko vitani aliona wanaume wamechorwa kuanzia kiunoni hadi magotini, karibu karibu hivi, mpaka ukiwa mbali unadhani wamevaa kaptura ya samawati. Huko mwanaume asiyechorwa miguu alikuwa akichekwa na wanawake kisimani. Na wengine, akasema, walichorwa maneno na vijiduara vya kuzuia risasi isiingie.

"Na haikuwaingianga?" Shimenga akauliza.

"Iliwaingia," Bama akasema, akachovya sindano.

Tukacheka mpaka mkono ukatikisika na mguu wa saba ukapinda. Ukiutazama vizuri utauona, umepinda mpaka leo. Hicho ni kicheko cha baba yako mkubwa.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza watu habari za ngozi zao, na nimejifunza kwamba karibu kila mahali watu wamejiandika. Yule mlinzi wa lango la kiwanda, Mturkana, ana vidonda vilivyopona vikawa vipele, mistari juu ya bega. Nilimpa chai nikamuuliza. Akaniambia kwao mtu hajiwekei hivyo kwa kupenda. Ukimuua adui vitani ndipo unachanjwa. Nikamuuliza yeye ilikuwaje. Akamaliza chai, akanirudishia kikombe. Sikuuliza tena. Na fundi mmoja wa mtambo wa kukamua, aliyetoka kwenye miwa ya pwani, aliniambia huko alifanya kazi na Wamakonde wenye uso uliochorwa wote, mashavu na paji, kwa wembe na makaa yaliyosagwa. Utawaona ukifika. Usiwakodolee macho, kwao hiyo ndiyo sura ya mtu aliyekamilika, na pengine wao wanakuona wewe kama karatasi isiyoandikwa. Wanawake wa Kiislamu utawaona na hina mikononi kwa ajili ya harusi, na hao ndio ninaowasifu kwa hesabu: inapendeza, halafu inafutika yenyewe kabla mwenye nayo hajaichoka.

Kisha kuna Kukhu, bibi yako. Wewe umezoea kumwona na kitambaa kimeshuka mpaka nyusi, unadhani ni uzee. Chini ya kitambaa kile kuna safu mbili za chale. Na tumboni ziko nyingine ambazo mimi sijaziona wala sitaziona, naambiwa tu. Nilimuuliza mwaka jana, kwa sababu niliona haya kwamba nimeuliza habari za Mturkana na Mmakonde, na za mama yangu sijui. Akasema kulikuwa na mwanamke mmoja wa kazi hiyo. Anainua ngozi kwa mwiba, anakata kwa kisu kidogo, anapaka majivu, anakwenda kwa mwingine. Wasichana walikaa mstari mmoja, na aliyelia aliimbwa kwa kejeli mpaka akaolewa.

"Kwa nini mlikubali?" nikamuuliza.

"Na wewe kwa nini unavaanga tai Jumapili?" akasema. "Inakukaba, na unavaa."

Nikamuuliza kuhusu kitambaa. Akasema alipotaka kubatizwa, mwalimu wa dini alimwambia zile alama ni za giza, azifunike. Akazifunika. "Lakini Mungu alikuwa ameshaniona kabla ya kitambaa," akasema, akacheka kile kicheko chake cha kukohoa. Muhonja, mimi ni mtu wa kanisa na mchango wangu natoa, lakini jambo hilo liliniuma. Mtu anachanjwa ili aonekane mzuri, halafu anakuja mwingine anaamua uzuri ule ni aibu, na ngozi ni ileile.

Halafu Kukhu akaushika mkono wangu huu. Akaniambia nimsomee. Nikamsomea. Akasema, "Yangu mtu akiisoma anajua nimetoka wapi na nimevumilia nini. Yako mtu akiisoma anajua trela la miwa liende wapi."

Hapo ndipo nakufikisha penye kosa lenyewe.

Kwa misimu miwili namba ilinitumikia kama nilivyopanga. Karani wa mizani alinizoea hata akaacha kuniuliza. Trela likipanda mizani anasema tu, "Mkono!" nami naunyoosha, anaandika, madereva wanacheka. Nilipenda sana kile kicheko. Kisha kiwanda kikapanuka, wakaja wapimaji. Wakasema vishamba vya ndugu waliopakana viunganishwe viwe kitalu kimoja, trekta lilime bila kugeukageuka. Changu na cha Shimenga vikaunganishwa. Kitalu kizima kikabaki na ile namba ya zamani, 2748, kwa jina la mkubwa. Mimi nikapewa namba mpya, ndefu, yenye mkwaju na herufi mwishoni. Nikauliza, kwa nini mkubwa asipewe mpya? Kijana wa ofisini akaniangalia, akasema, "Mzee, namba ni namba tu." Wakati huo sikuwa mzee. Nilikuwa na miaka thelathini na moja.

Msimu ulipofika nikavuna. Trela la kwanza likapanda mizani, karani akasema, "Mkono!" Na mimi, kwa mazoea, nikaunyoosha. Hivyo tu. Trela la kwanza, la pili, la tatu. Siku nzima nilisimama pale nikiwachekesha madereva, na miwa yangu yote inaandikwa kwa Shimenga.

Nilipogundua nilikwenda kwake bila kuvaa viatu. Nilimkuta anakula. Akasikiliza mpaka mwisho, akanawa mkono, akasema, "Sasa mimi nifanye nini? Mkono wako ndio umesema. Niubishie mkono wa ndugu yangu?" Akacheka.

Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania. Wakati ule nilisikia karo ya darasa la nne, nikasikia kitalu, nikasikia mambo yote tangu tuzaliwe. Nikaondoka. Baada ya wiki moja akatuma ndama jike, mzuri, mwekundu, na mtoto aliyemleta akasema, "Baba amesema huyu ni wako, mengine mtaongea." Nikamrudisha. Nikasema sitaki kulipwa kwa mkia. Tangu hapo ndipo tukaanza kuzunguka kwa njia ya mtoni tukienda barabarani, ile njia ambayo wewe umeikuta ukadhani ndiyo njia. Njia yenyewe inapita mbele ya boma la Shimenga, na ni fupi kwa robo saa.

Nimepiga hesabu ya yule ndama mara nyingi. Akizaa kila mwaka na nusu, na nusu yao wakiwa majike, na hao nao wakizaa... nikifika hapo naacha, kwa sababu boma haliwatoshi.

Nikataka kuifuta ile namba. Mtu wa kawaida angeenda hospitali akauliza. Mimi nilichukua maziwa ya ule mti wa uzio tunaowakataza watoto wasiuvunje kwa sababu ya macho, nikayapaka kwenye tarakimu ya mwisho, nikafunga kitambaa. Nilitaka nianze na moja nione. Usiku wa pili mkono ulikuwa kama mhogo uliochomwa. Ngozi ikatoka, nyama ikaonekana, nikalala wiki tatu nikiwaambia watu ni moto wa miwa. Wewe pia uliambiwa ni moto wa miwa. Na kidonda kilipopona, wino ulikuwa bado upo chini yake, ila umeliwa upande. Ilikuwa nane. Sasa inaonekana kama tatu.

Ndiyo maana nilishtuka jioni hii. Umeandika 2743. Hiyo naijua ni ya nani: ni ya mama mmoja wa upande wa Iguhu ambaye huwa tunapanga foleni pamoja siku ya malipo, mtu mwema kabisa, ila akisimama muda mrefu huwa anasinzia na kukoroma. Ulikuwa karibu kuishi na kuzeeka na namba yake, na angekushangaa sana.

Kwa hiyo hesabu ni hii. Namba uliyoiandika si iliyo mkononi mwangu. Iliyo mkononi mwangu si ya shamba langu. Na iliyo ya shamba langu sijaichora popote, na hiyo ndiyo iliyokulipia shule.

Sasa, inawezekana ukasema sawa, nitachora kitu kingine. Umri wako unakuruhusu na Mombasa iko mbali na macho yangu. Basi yachukue haya niliyoyalipia. Kwanza, shika sikio lako la kushoto. Ulipotobolewa ukiwa mdogo, lile la kulia lilipona, la kushoto likaota kile kinundu kigumu ambacho mpaka leo unakifichia nywele. Ngozi yako ni kama yangu, ikijeruhiwa inajenga kupita kiasi. Tundu moja la sindano limekupa kinundu. Ua moja ni matundu mangapi? Everlyne ngozi yake ni nyingine, usipime kwa yake.

Pili, nilimuuliza Everlyne mwenyewe, mezani, ukiwa umeenda kisimani.

"Huyo mtu wa mashine, akimaliza mmoja anabadilisha sindano?"

"Anaipangusanga, mjomba."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa kitambaa."

"Kitambaa gani?"

"Kitambaa tu, mjomba, kwani unataka rangi yake?"

Nataka kujua damu ya nani iko kwenye hicho kitambaa, ndicho ninachotaka. Bama alitumia zile sindano tatu kwa kila mtu. Mwaka niliochorwa, mkata miwa mmoja aliyenifuata kwenye foleni alitoka pale, na baada ya miezi mitatu macho yake yalikuwa ya manjano kama mahindi. Alilazwa, akapona, lakini hakurudi kuwa yule wa zamani. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni sindano, wala hakuna aliyeweza kusema si sindano. Wewe unakwenda kusomea uuguzi. Watakufundisha kuchemsha vyombo kabla hawajakufundisha kitu kingine. Ukishajua kuchemsha, ndipo uende kumtazama mtu wa bandarini, na uone kama bado unampa mkono.

Na uulize chuoni kwanza kama wanakubali. Sare ya muuguzi ina mikono mifupi, na sijui kanuni zao. Mimi nilikuwa mtu wa kufanya kwanza halafu kuuliza.

Kuna kitu kimoja nataka unitafutie, si kwa ajili ya kukukataza, ni kwa sababu kimenisumbua miaka yote. Ngozi ya mkono huu imebabuka kwa jua, imetoka kwa malengelenge ya panga, imeungua kwa yale maziwa ya mti. Imekuwa ngozi mpya mara sijui ngapi. Wino haujasogea. Umekwenda chini kiasi gani? Na huko chini nani ameushikilia usianguke? Nilimuuliza daktari msaidizi mmoja akasema, "Mzee, una malaria au huna?" Waulize walimu wako. Niandikie jibu, hata kama ni refu.

Barua hii nitaiweka juu ya kipande cha sabuni, kando ya beseni lako, uione kabla ya kunawa. Biro hutoka kwa sabuni ya kawaida ukisugua mara mbili. Usiposugua, sitasema neno, sanduku nitalibeba vilevile.

Lakini hatutapita njia ya mtoni kesho. Sanduku ni zito na mimi nimechoka kuzunguka. Tutapita mbele ya boma la Shimenga, na saa hizo huwa yuko nje anakamua. Atakuja kukuaga, namjua. Atanyoosha mkono akushike, na akiushika atautazama, kwa sababu ana mazoea ya kutazama mikono ya watu wa nyumba hii. Sitaki akute namba pale, yake wala ya mwingine, akadhani tumekuja na deni. Nataka aushike ukiwa mtupu. Huyo ndiye aliyeushika wangu siku ile ili nisitetemeke.

Baba yako